Cheti cha Ubatizo na Mraba Usiosomeka kwa Macho



Juma lililopita tuliwapokea ofisini mama mmoja wa makamo na binti yake. Binti anajiandaa kufunga ndoa katika parokia ya mbali, na paroko wa huko, kama utaratibu unavyodai, amemwagiza alete cheti cha ubatizo kilichotolewa upya. Alibatizwa hapa kwetu akiwa mtoto mchanga. Mama aliukumbuka mwaka, akaikumbuka mvua iliyonyesha siku ile, akamkumbuka na msimamizi, ambaye sasa ni marehemu. Kwa bahati mbaya kitabu cha mwaka huo ni kile kilicholowa paa la ofisi ya zamani lilipovuja. Kurasa zake za katikati zimegandana, na wino umesambaa hata jina moja limeingia katika jingine.

"Lakini Padre," mama alisema, "si tulitangaziwa kanisani kwamba majina yote yameingizwa kwenye kompyuta?"

Mama alisema kweli. Yaliingizwa. Kabatini mwetu imo bahasha ya kaki yenye disketi tatu, kila moja ikiwa na kibandiko kilichoandikwa kwa mkono: Ubatizo 1, Ubatizo 2, Ubatizo 3. Tuliazima kifaa cha kusomea disketi kutoka kwa fundi mmoja wa mjini. Ya kwanza ilisomeka nusu. Ya pili na ya tatu hazikusomeka kabisa. Kilichosomeka vizuri katika bahasha ile ni mwandiko wa kalamu ulio juu ya vibandiko.

Tunalisimulia jambo hili kwa sababu limetukuta wakati halmashauri ya walei ina pendekezo mezani. Vijana wetu wa TEHAMA, ambao bidii yao tunaishukuru kwa dhati, wanataka vyeti vya parokia vianze kuchapwa vikiwa na msimbo wa QR, yaani ule mraba wa vidoti vyeusi na vyeupe unaosomwa kwa simu. Wanataka pia vitabu vyote vya zamani vigeuzwe kuwa miraba ya namna hiyo, ichapwe katika karatasi, na nakala ipelekwe jimboni. Mmoja wao aliongeza kwamba, ili kuokoa nafasi na wino, cheti kibaki na jina na mraba tu. Mengine yote yakae ndani ya mraba. Tumeombwa maoni, nasi tumeona afadhali tuyatoe hadharani kuliko kuyanong'ona sakristia. Mraba tunaukubali. Tusichokubali ni mraba kukaa peke yake.

Yafaa kwanza tuelewe kitu chenyewe ni nini, maana tumesikia mengi yakisemwa juu yake, na mengine hayana msingi.

Kuichapia mashine karatasi si jambo la jana. Mwaka 1948, huko Philadelphia nchini Marekani, Bernard Silver, aliyekuwa akisoma katika chuo cha Drexel, alimsikia mkuu wa kampuni ya maduka ya vyakula akimsihi mmoja wa wakuu wa chuo atafute njia ya kuzisoma taarifa za bidhaa kwa mashine wakati mteja analipa. Silver akamweleza rafiki yake Norman Joseph Woodland. Huyu alikuwa amejifunza alama za Morse tangu siku zake za uskauti. Akiwa ameketi ufukweni Miami, alichomeka vidole vyake mchangani na kuvivuta kuelekea kwake, akaona kwamba nukta na vistari vya Morse vikirefushwa kwenda chini vinakuwa mistari minene na myembamba. Walipewa hataza tarehe 7 Oktoba 1952. Lakini taa na kompyuta za siku zile hazikuweza kuifanya kazi hiyo kwa bei inayovumilika, na Silver alifariki mwaka 1963 bila kuiona ikitumika madukani. Ilikuwa tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, ndipo bidhaa ya kwanza yenye mistari ya aina iliyobuniwa na George Laurer wa kampuni ya IBM ilipopitishwa juu ya mwanga wa mashine. Bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya bigijii za Wrigley.

Huo ndio msimbomilia, au bakodi kama wauzaji wetu wanavyouita. Chukueni pakiti yoyote ya majani ya chai au sabuni iliyo jikoni mwenu mtazame. Kila tarakimu yenye mistari yake imegawiwa upana wa vipande saba vilivyo sawa, na katika vipande hivyo kuna mistari miwili myeusi na nafasi mbili nyeupe. Ni upana wake tu unaobadilika. Mashine haioni picha, inapima upana. Tarakimu tatu za mwanzo huonyesha nchi ambamo kampuni imesajili namba zake: 616 ni Kenya, 620 ni Tanzania. Hapa turekebishe kosa linalosikika mara nyingi sokoni: tarakimu hizo hazisemi bidhaa imetengenezwa wapi, zinasema namba imesajiliwa wapi. Kitambaa kinaweza kufumwa bara Asia kikauzwa na kampuni yenye namba 620 bila udanganyifu wowote.

Tarakimu ya mwisho ndiyo inayotupendeza kuliko zote, kwa kuwa haiitambulishi bidhaa. Kazi yake ni kuwalinda wenzake. Tuchukue namba ya mfano, 620123456789. Tunajumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo: 6, 0, 2, 4, 6 na 8, tunapata 26. Kisha zile za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea: 2, 1, 3, 5, 7 na 9, tunapata 27, nayo tunaizidisha mara tatu iwe 81. Jumla ni 107. Ili kuifikia 110 inahitajika 3, na hiyo 3 ndiyo inayochapwa mwisho. Mashine ikisoma tarakimu moja vibaya, hesabu haitimii, nayo hukataa kusoma na keshia hulazimika kupitisha tena. Yapo makosa yanayopenya: tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi na tofauti yao ikawa tano, kama 1 na 6, hesabu itatimia vilevile. Hata hivyo, tukilinganisha na vitabu vyetu vya ubatizo, huo ni ulinzi mkubwa. Kalamu ya karani haina tarakimu ya ukaguzi. Akiandika Anastella badala ya Anastazia hakuna kengele inayolia, mpaka miaka ishirini na mitano baadaye siku ya kutangaza ndoa.

Hatuwezi kuupita msimbomilia bila kugusa lile la 666, kwa sababu tumeulizwa na waamini zaidi ya mara moja, na wapo walioacha kununua maziwa ya pakiti kwa ajili yake. Uvumi huu ulienea tangu miaka ya 1980 katika baadhi ya madhehebu huko Marekani, ukatufikia kwa vipeperushi. Unadai kwamba katika kila msimbo zimefichwa sita tatu, yaani namba ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Chanzo chake ni hiki: mwanzoni, katikati na mwishoni mwa msimbo kuna jozi za mistari myembamba inayorefuka kuliko mingine, na ambayo haina tarakimu chini yake. Kazi yake ni kuiambia mashine hapa ndipo mwanzo, hapa katikati, hapa mwisho. Tarakimu 6, inapochapwa upande wa kulia wa msimbo, nayo huanza kwa mistari miwili myembamba inayofanana na hiyo. Lakini 6 ina upana wa vipande saba, yaani mistari hiyo miwili na nafasi nyeupe inayoifuata. Alama ya mwanzo na ya mwisho zina vipande vitatu tu, na ya katikati ina vitano. Kwa mashine hazifanani hata kidogo. Laurer mwenyewe aliulizwa jambo hili mara nyingi na alilikanusha. Tunawasihi mnunue maziwa.

Turudi kwenye hoja. Katika msimbomilia, chini ya mistari, wabunifu waliacha tarakimu zilezile kwa sura inayosomwa na binadamu. Msimbo ukichubuka, keshia hauliti lile pakiti stoo wala hamrudishi mteja nyumbani. Anainama, anazisoma tarakimu, anazibonyeza kwa vidole, kazi inaendelea. Tunaona hapo busara kubwa ambayo haikugharimu chochote ila wino kidogo.

Mraba wa QR ulizaliwa Japani mwaka 1994. Masahiro Hara na wenzake wachache katika kampuni ya Denso, iliyo katika kundi la Toyota, walikuwa na tatizo la kiwandani. Msimbomilia wa wakati ule ulibeba herufi ishirini hivi tu, kwa hiyo sanduku moja la vipuri lilibandikwa misimbo mingi, na wafanyakazi walichoka kuipitisha mmoja mmoja. Hara akaamua kuandika kwa mapana na marefu kwa pamoja, kama vijiwe vyeusi na vyeupe katika ubao wa mchezo wa Go. Ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni ndiyo inayoiwezesha mashine kuutambua msimbo upesi, hata ukiwa umegeuzwa kichwa chini. Mstari ukikatiza katikati ya mraba huo, upana wa weusi na weupe huwa daima moja, moja, tatu, moja, moja. Wabunifu walipekua magazeti, vipeperushi na masanduku wakitafuta mpangilio ambao ni nadra kutokea kwa bahati katika machapisho, wakaupata huo. Kampuni ilichukua hataza lakini ikatangaza kwamba haitadai malipo kwa matumizi ya kawaida, na mwaka 2000 msimbo ukawa kiwango cha kimataifa. Ndiyo sababu leo mnaukuta kwa mama ntilie anayepokea malipo kwa simu.

Sifa yake ya ajabu ni kwamba hustahimili jeraha. Unatumia hesabu iliyotungwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, ambayo huongeza alama za ziada ili zilizopotea ziweze kukokotolewa upya kutokana na zilizobaki. Kuna ngazi nne: ya chini hustahimili upotevu wa takriban asilimia 7, ya juu takriban asilimia 30. Kitabu chetu kilicholowa hakina uwezo huo. Jina lililofutika limefutika. Hapo vijana wetu wana hoja yenye nguvu, na hatutaki kuipunguza.

Ila kila ulinzi una gharama yake, na katika kikao hatukusikia hesabu hii ikitajwa. Mraba mkubwa kuliko yote una vidoti 177 kila upande. Ukichaguliwa ulinzi wa chini kabisa, hubeba baiti 2,953. Ukichaguliwa ulinzi wa juu kabisa, hubeba 1,273 tu. Sasa tuseme taarifa za mbatizwa mmoja, kwa ukamilifu wake, zinachukua herufi mia mbili. Mraba wenye ulinzi hafifu utabeba wabatizwa kumi na wanne. Wenye ulinzi imara utabeba sita. Ukurasa wa kitabu chetu wa kawaida, uliojazwa kwa kalamu ya bei ya chini kabisa, unabeba karibu idadi hiyo hiyo, nao unasomwa na yeyote aliyemaliza darasa la saba. Zipo programu za kompyuta zinazoshindilia zaidi. Mojawapo, iitwayo Optar, imekusudiwa kuingiza takriban kilobaiti 200 katika karatasi moja ya A4, ambayo ni zaidi ya wabatizwa elfu moja. Lakini kadiri vidoti vinavyozidi kuwa vidogo, ndivyo vumbi, mkunjo na printa mbovu vinavyozidi kuwa adui, na sisi tunaijua printa ya ofisi yetu.

Tukumbuke pia kwamba karatasi si moja, na wino si mmoja. Tona ya printa ya leza ni unga wa kaboni na plastiki ulioyeyushiwa juu ya karatasi, haiogopi maji. Wino wa printa nyingi ndogo za majimaji husambaa kwa tone moja la jasho. Karatasi ya risiti haina wino kabisa. Ni joto linaloibadilisha rangi, na mkiiacha juu ya dashibodi ya gari mwezi mmoja, mraba uliokuwa juu yake hutaukuta. Mtu akituambia kwamba taarifa zimehifadhiwa katika karatasi, swali letu la kwanza ni: karatasi gani, na kwa wino gani?

Swali la pili ni gumu zaidi. Nani atakayeisoma? Mwaka 1985, huko Marekani, kampuni moja ilileta mistari iitwayo Softstrip iliyochapwa ndani ya majarida, ili msomaji aingize programu katika kompyuta yake kwa kupitisha kifaa juu ya ukurasa. Lilikuwa wazo zuri, na magazeti yale bado yapo katika maktaba za watu. Vifaa vya kuisomea vilitoweka madukani baada ya miaka michache. Wino upo, karatasi ipo, msomaji hayupo.

Mfano mwingine si wa karatasi, lakini hatuwezi kuuacha. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme William wa Uingereza, nchi yake iliandikwa: mashamba, wakulima, vinu, mifugo. Kitabu hicho, Domesday, kiliandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi. Mwaka 1986, katika kuadhimisha miaka 900, shirika la utangazaji la BBC na wenzake walitengeneza Domesday mpya juu ya santuri za mwanga wa leza, kwa kazi ya watoto wa shule nchi nzima. Haikupita miaka ishirini kabla ya wataalamu kuingia hofu kwamba mashine za kuzisoma zinakwisha, na watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walilazimika kufanya kazi kubwa ya kuigiza mashine hiyo ndani ya kompyuta nyingine. Wakati wote huo kitabu cha ngozi kilikuwa kinasomeka, kwa mwenye Kilatini na subira.

Tunajua mtatujibu kwamba msimbo wa QR umeenea mno, hauwezi kusahaulika kama Softstrip. Huenda. Maelezo yake yamechapwa kwa uwazi, na mtu mwenye karatasi ya mraba, penseli na siku kadhaa za utulivu anaweza kuusoma mmoja mdogo kwa mkono. Hilo disketi haliwezi. Ndiyo maana tunasema kwamba mraba uliochapwa kwa tona juu ya karatasi nzuri ni bora kuliko disketi, bora kuliko CD, na pengine bora kuliko simu ya katibu wetu wa parokia. Lakini mama aliyekuja juma lililopita hana siku kadhaa za utulivu. Ana ndoa ya bintiye.

Wapo kati yenu walimu, nao watakumbuka namna nyingine ya alama hizi, ambayo binadamu ndiye anayeziweka. Ni ile karatasi ya kujibia mtihani ambamo mtahiniwa hachori herufi bali anatia kistari au kivuli ndani ya kisanduku kwa penseli. Wenzetu wa Kenya waliitumia katika mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Asili yake ni mwalimu wa sayansi wa Michigan, Reynold Johnson, ambaye katika miaka ya 1930 alibuni mashine ya kusahihisha mitihani ambayo IBM iliichukua. Risasi ya penseli hupitisha umeme, na mashine ilihisi umeme huo pale penye alama. Tunaitaja kwa sababu moja: kisanduku kilichotiwa kivuli kinasomwa na mashine, lakini mzazi naye akiwekewa karatasi mbele yake anaweza kuona kwamba mwanawe alichagua B. Wote wawili wanasoma alama ileile. Kwa karatasi ya namna hiyo malalamiko yanaweza kusikilizwa.

Tuje sasa kwa yale yanayotuhusu sisi kama parokia. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaamuru maparoko watunze kitabu cha ndoa, na vitabu hivi vimekuwa wajibu wetu tangu hapo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 535, inadai vitabu vya wabatizwa, vya ndoa na vya marehemu, na inamwagiza paroko avitunze kwa uangalifu, hata vile vya zamani. Kanuni ya 877 inataja yanayopaswa kuandikwa: mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama walikuwepo, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kisha maisha yanaendelea kuandikwa pembeni: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri. Hapo ndipo mraba unaposhindwa kabisa, na tunashangaa kwamba hakuna aliyelisema. Ukurasa wa kitabu una ukingo. Paroko wa mwaka 1971 aliacha nafasi, na paroko wa mwaka 1996 akaandika ndani yake. Mraba hauna ukingo. Ukitaka kuongeza neno moja ndani yake, unachapa mwingine mpya, na ule wa zamani unabaki mahali fulani ukisema habari iliyopitwa.

Lipo pia la siri. Baadhi ya wajumbe walisema mraba utalinda faragha kwa kuwa mtu hawezi kuusoma kwa macho. La hasha! Kisichosomeka kwa macho yako kinasomeka kwa simu ya jirani yako, ya kondakta, ya mwenye duka la kutoa nakala. Mraba wa kawaida haujafungwa kwa kufuli lolote; umeandikwa kwa lugha ambayo kila simu janja inaijua. Vitabu vyetu vina habari za watu walio hai: mtoto aliyeandikwa kwa jina la mama peke yake, aliyeasiliwa, aliyebatizwa akiwa katika hatari ya kufa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kama isingekuwepo, paroko anajua wajibu wake. Katika cheti, herufi za kawaida zina faida ya uaminifu: mwenye nacho anajua amebeba nini. Hatutakubali muumini apewe karatasi inayosema juu yake jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisoma.

Kwa sababu hiyo hiyo tunaomba mraba wa sadaka uliobandikwa mlangoni juzi ubanduliwe hadi utakapoandikwa chini yake namba ya malipo na jina la parokia kwa herufi kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2022 polisi wa mji wa Austin, huko Texas, waliwaonya madereva juu ya vibandiko bandia vya QR vilivyowekwa katika mashine za kulipia maegesho. Fedha za watu zilielekezwa kwa matapeli. Jicho halitofautishi mraba wa kweli na wa uongo. Bibi akiandikiwa namba na jina atalinganisha na lililotangazwa altareni, na asiye na simu atajua kwamba kapu bado linapita.

Na jambo la mwisho, ambalo vijana wetu wasilichukulie vibaya. Ulinzi wa asilimia 30 hulinda alama, haulindi ukweli. Karani akichapa Anastella, mraba utaitunza Anastella kwa uaminifu wote, hata nusu ya kona yake ikiliwa na mchwa. Kwa hiyo kazi kubwa haiko katika kuchapa miraba. Iko katika kukaa wawili wawili, mmoja akisoma kitabu kwa sauti na mwingine akifuata katika kompyuta, ukurasa kwa ukurasa, na kuuliza wazee pale wino ulipofifia, wangali hai. Tunalo jopo la makatekista wastaafu watatu waliokubali.

Kuhusu yule binti: kanuni ya 876 inasema kwamba, ikiwa haimdhuru mtu, shahidi mmoja asiye na shaka anatosha kuthibitisha ubatizo. Mama yake alikula kiapo mbele yetu, akaeleza mvua na kila kitu, tukaandika upya katika kitabu na kutia sahihi pembeni. Cheti kimetoka Ijumaa, kwa herufi, na kwa heshima ya vijana wetu kina mraba mdogo kwenye kona ya chini kulia, unaobeba jina, tarehe na namba ya kitabu tu.

Halmashauri itakaa tena Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Wenye vyeti vya zamani vya ubatizo vya miaka ambayo kitabu kimeharibika, tunawaomba mvilete ofisini Jumanne au Alhamisi asubuhi tuvinakili mbele yenu, kisha mrudi navyo nyumbani. Njooni na miwani yenu.